Karamu na Kimya Katika Hadithi ya Junot Díaz

Karamu ya jamaa hudhaniwa kuwa ni dalili ya umoja wao. Junot Díaz, katika hadithi fupi “Fiesta, 1980” iliyomo kitabuni Drown (1996), aijaribu dhana hiyo. Jamaa wa Kidominika waishio New Jersey waenda Bronx kumshangilia mama mdogo aliyewasili Marekani. Vyakula ni tele, muziki na dansi havikosekani. Lakini mtoto Yunior amekatazwa na babaye kula, kwa kuwa hutapika garini. Tena yeye na kakaye wajua kwamba baba ana kimada, nao hunyamaza.

Hapo ndipo ulipo ubora wa hadithi hii. Mtungaji hamhubirii baba, wala haisifu desturi kwa sababu tu ni ya kwao. Auachia mwili wa mtoto udhihirishe lile ambalo ulimi umezuiwa kulinena. Hata hivyo, karamu si uwongo mtupu: furaha ya mama kumpata nduguye ni ya kweli. Msiba ni kuwa furaha hiyo yalindwa kwa kimya cha watoto. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Naye Díaz ameingia ndani.