Barza na Semina: Ni Nani Anakomaza Kiongozi?

Katika vitabu vya mila kama hiki, mara nyingi tunasifu wazee, tunapiga makofi, halafu tunafunga kitabu. Safari hii tunataka kupima. Viongozi wa vilima vyetu walikuwa wanakomazwa namna gani? Leo wanakomazwa namna gani? Na ni wapi njia hizo mbili zimetuangusha?

Ndugu msomaji anajua Mushaki: njia inayopanda kutoka Sake, vilima vya majani, ng'ombe, maziwa na jibini ya Masisi inayoshuka Goma. Kando ya malisho kuko mashamba ya maharagwe, viazi na mahindi. Ng'ombe mmoja akivuka uzio usiku, asubuhi kuko maneno. Mchunga mara nyingi si mwenye ng'ombe; mwenyewe iko mjini. Mlimaji naye mara nyingi si mwenye shamba; amelikodi. Hapo kiongozi wa kweli si yule mwenye kofia kubwa. Ni yule anayeweza kuketisha watu wawili kabla panga halijatoka.

Kwa Bahunde, mwami hakukata maneno peke yake. Aliketi na bashamuka, wazee wa shauri, na neno lilizungushwa mpaka limeiva. Kijana alijifunza kwa kukaa nyuma ya mzee na kunyamaza. Alitumwa huku na huku, akasikia namna gani watu wanasambishwa. Siku moja akapewa neno dogo alikate yeye. Kama alikuwa na ulimi mwepesi, kilima kizima kilijua.

Ndugu zetu Banyanga wa Walikale wanatufundisha jambo lile lile katika hadisi ya Mwindo, ile ambayo Shekarisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, ikachapwa kitabu mwaka 1969. Mwindo alikuwa shujaa toka kuzaliwa, tena mwenye majivuno. Ushujaa haukutosha kumfanya mwami mwema. Ilibidi Nkuba, ndiye radi, amchukue juu, apate baridi na mateso, aonywe, ndipo arudi chini kuwapa watu wake amri za kuishi vizuri. Fundisho liko wazi: mtu anainamishwa kwanza, ndipo anapewa watu.

Lakini tuseme ukweli wote. Barza ile haikuketisha kila mtu. Wamama walisikia maneno toka mbali. Batwa hawakuulizwa. Na toka 1937 mpaka 1955 wakoloni Wabelgiji walileta watu maelfu na maelfu toka Rwanda kuja kukaa Masisi. Wakawawekea utawala wao wa Gishari, halafu wakauvunja mwaka 1957. Wengi wa uzao wao walibaki kulima na kuchunga juu ya udongo ambao shauri lake lilikatwa na wengine. Mwaka 1973 Leta nayo ikaandika katika sheria kwamba udongo wote ni mali yake, na wenye makuta wakapata karatasi za malisho makubwa. Vita ya mwaka 1993 ilipoanzia Ntoto, kule Walikale, na kufika Masisi, barza za vilima hazikuwa na nguvu ya kuizuia. Watu hawawezi kutii benchi ambalo hawajawahi kulikalia.

Mwaka 1998, kule Goma, kukaundwa Barza ya makabila yote ya Kivu ya Kaskazini: Bahunde, Bahutu, Batutsi, Banande, Banyanga, Batembo, Bakano, Bakumu na Batwa. Wazo hilo tunalisifu bila kusita. Wazee wa makabila yaliyopigana waliketi meza moja wakasikiliza maneno ya udongo. Lakini ilikuwa ya watu wakubwa, karibu na watawala. Uchaguzi wa 2006 ulipokaribia, kila mmoja alivutwa na siasa za watu wake, na mwisho wa 2005 Barza ikavunjika. Walikuwa wakubwa tayari; nyuma yao hakukuwa kijana anayesikiliza.

Sasa tuko na semina. Siku tatu katika salle, chai, daftari, makuta ya safari, na mwisho cheti. Hatuzidharau: ni semina zilizoketisha wamama na vijana pale ambapo barza ilikuwa inawaacha nje. Lakini tunaona sura zile zile zikiitwa toka semina moja mpaka nyingine. Mtu anarudi kilimani na cheti, lakini hakuna aliyemtuma. Akiulizwa anatoa hesabu kwa nani, jibu ni kwa yule aliyelipa chai. Mzee wa zamani alikuwa na watu bila cheti. Huyu iko na cheti bila watu.

Sisi tunasema njia hizo mbili zioane. Kilima chenyewe kichague: msichana na kijana, mtoto wa mlimaji na mtoto wa mchunga. Wakae mwaka mzima nyuma ya wazee. Waende shambani kuhesabu mistari iliyokanyagwa. Mwenye ng'ombe aliye mjini aitwe, aje mwenyewe, asitume mchunga wake kulaumiwa. Na makuta ya fidia yatangazwe mbele ya wote.

Watu watasema sheria iko. Ndiyo: Katiba ya 2006 inatambua mamlaka ya mila, na sheria ya Agosti 2015 inapanga hali ya machifu. Lakini sheria inatambua chifu; haimfundishi kusikiliza. Tena kura haijajaza pengo hilo: Desemba 2023 Masisi haikupiga kura juu ya vita.

Mushaki ilikimbiwa na watu wake Desemba 2007, ikakimbiwa tena 2023. Kila mara watu wanaporudi, neno la kwanza si chakula wala nyumba. Ni: nani iko analima shamba langu? Neno hilo haliwezi kungojea semina ya mwezi ujao. Linataka mtu aliyekomaa pale pale, anayejulikana na pande zote mbili, na ambaye pande zote mbili zinaweza kumuondoa. Asipokuwepo, jibu litatolewa na mwenye bunduki.