Masimulizi Yanayotakiwa na Mahakama

Wanafunzi wa sheria wa Tanzania hufundishwa shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif kama habari ya ushindi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, na wengine waliona kupika, kufua na kulea ni wajibu tu wa mke, jambo lisilo na bei. Tangu siku hiyo mwanamke anayedai sehemu yake huingia mahakamani na jina la Bi Hawa mkononi.

Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mahakama ilisema mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, hivyo mwenendo wake ulikuwa umeula mchango wake. Rufaa ikatupwa.

Mimi si mwanasheria. Naisoma hukumu hiyo kama ninavyosoma masimulizi mengine ya kweli, nikimtafuta mtu aliyemo ndani yake. Sheria yake ni nzuri na hoja zake zimepangwa vizuri, lakini sauti ya Bi Hawa ni ngumu kuisikia. Tunaambiwa alipewa na akatumia. Kwa nini alitumia, kwa nani, akiwa katika hali gani ndani ya nyumba ile, hayo hayakuhitajika ili kufikia uamuzi. Pengine hakuna aliyemuuliza. Pengine aliulizwa, akajibu vipande vipande, na vipande havikuingia kwenye karatasi.

Swali hilo la vipande ndilo linalonipeleka Tukuyu, mbali na Dar es Salaam ya Bi Hawa. Chukua mwanamke wa kufikirika kutoka kijiji chochote cha Rungwe, mwenye migomba, mistari michache ya chai, na miparachichi aliyoipanda mwenyewe kwenye shamba lenye jina la mume. Amepigwa kwa miaka kadhaa. Anaeleza mambo yake kwanza kwa Kinyakyusa, kwa dada yake au kwa mzee wa kanisa. Mahakama ya Mwanzo inamwandika kwa Kiswahili. Akikata rufaa, safari inaendelea hadi Mahakama Kuu Mbeya, ambako kwa miaka mingi lugha ya kumbukumbu ilikuwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na nayapongeza. Hata hivyo, tatizo ninalolizungumzia halimalizwi na lugha. Liko kwenye umbo la maelezo.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, katika Amri ya XVIII kanuni ya 5, inaelekeza kwamba kwa kawaida ushahidi uandikwe kwa mtindo wa masimulizi, si wa swali na jibu. Sisi wasomaji wa jarida kama hili tungepaswa kuikariri kanuni hiyo, maana hapo dola inaagiza hadithi. Wakili anauliza, shahidi anajibu, anasita, analia, anarudi nyuma, kisha kinachobaki kwenye mwenendo wa shauri ni aya moja iliyonyooka: niliolewa mwaka fulani, tulipata watoto wanne, mwaka fulani alianza kunipiga. Maswali yamefutwa. Kimya kimefutwa. Jaji wa rufaa, ambaye hakumwona shahidi, anasoma aya hiyo na kutafuta mahali inapojipinga.

Na itajipinga. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu kiwewe na kupona, alieleza jinsi waliodhurika wanavyosimulia: kwa mikatiko, kwa hisia kali au bila hisia kabisa, tukio moja likiwa wazi kama picha na jingine likiwa limepotea. Mwanamke anaweza kukumbuka mlio wa bati mvua ilipokuwa ikinyesha usiku ule (na Tukuyu mvua hunyesha kweli) asikumbuke kama ulikuwa mwezi wa nne au wa tano. Kwa mwandishi, mlio wa bati ndio ushahidi wenyewe. Kwa anayemdodosa, mwezi uliokosewa ndio zawadi ya siku.

Mila nayo ina kimya chake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kirefu kuhusu mke kumkwepa baba mkwe: asimtazame, asikutane naye njiani, asilitaje jina lake. Mambo yamebadilika sana tangu hapo, na sipendi uandishi unaowageuza Wanyakyusa wa leo kuwa watu wa kitabu cha zamani. Lakini heshima haiishi kwa tarehe. Ikiwa baba mkwe ndiye aliyemfukuza kwenye shamba, swali la “nani alikufukuza?” linaweza kujibiwa kwa kuinamisha macho. Karani ataandika nini hapo?

Kabla ya yote hayo kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upitie huko kwanza, na Baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Maana yake aliyepigwa anakaa chumba kimoja na aliyempiga, mbele ya watu wanaowajua wote wawili, ambao kazi yao ni kuwarudisha nyumbani. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Vifungu hivi viwili nikivisoma pamoja, naona kama viliandikwa na watu wawili ambao hawakusomeana rasimu.

Siku hizi asasi husema kuhusu uwakilishi unaozingatia kiwewe, na maneno hayo yana harufu ya ukumbi wa semina na posho ya nauli. Tukiyavua hayo, naona kazi ya wakili wa namna hiyo inafanana sana na ya mhariri mzuri. Anamwona mteja zaidi ya mara moja kabla ya siku ya shauri. Anamwacha aanzie anapoweza, halafu wanatafuta mpangilio pamoja kwa kuegemea matukio, si tarehe: kabla ya mtoto wa pili, baada ya mavuno, mwaka tuliopanda miparachichi. Anamweleza mapema nani atakaa wapi na ataulizwa nini. Hamtungii maneno, kwa sababu hilo ni kosa, na mume naye ana haki ya kusikilizwa. Kisha anaiomba mahakama iandike kwamba shahidi alinyamaza, pale aliponyamaza.

Shida ni kwamba wakili mwenyewe mara nyingi hayupo. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa pale tu anapokaa hakimu mkazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na hao ndio wanaofika vijijini, ila kumsemea mtu mahakamani si kazi yao.

Akiwepo, wakili ana chombo kimoja ambacho ningependa kukiona kikitumika zaidi. Kifungu cha 101 kina orodha ya wasiolazimika kupita Barazani, wakiwemo waliotelekezwa na mwenza asiyejulikana aliko, na wale ambao mwenza wao anaishi nje ya nchi. Kipigo hakimo. Lakini orodha inaishia na mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda huko kusiwezekane. Hapo mtu anaweza kuandika kurasa mbili za kiapo kuhusu nyumba moja ya Rungwe, akianza na mlio wa bati, na kumwomba hakimu azisome zote kabla ya kuuliza ulikuwa mwezi gani.