Mistari 27 ya Asali

Kuandika neno asali kwa Kijapani, 蜂蜜, kunadai mistari 27 ya kalamu. Herufi ya kwanza, ya nyuki, ina 13. Ya pili ina 14, na zote mbili zimebeba alama ileile ya mdudu, moja ubavuni kushoto, nyingine chini. Kila mstari una zamu yake na upande wake wa kuanzia. Mtu wa Mpanda aliyekua akila asali ya Inyonga, anayekaa jioni na daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo, akizirudia herufi hizo mpaka mkono uzizoee, anafanya kazi ninayoiheshimu kwa moyo wote.

Vifaa vyake vingi ni vya bure. NHK, shirika la utangazaji la Japani, limeweka mtandaoni masomo 48 kwa maelezo ya Kiswahili. Kamusi ya Kijapani aliyoianzisha Jim Breen huko Australia mwaka 1991 ndiyo chemchemi ya programu nyingi za bure za leo. Kuna pia Anki, programu ya kadi za kujikumbusha aliyoitoa Damien Elmes mwaka 2006: kadi uliyoikumbuka vizuri inakwenda kukaa siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi; uliyoisahau inarudi upesi. Ukishapakua kadi zako, unazipitia hata bando likiwa limekwisha. Lakini Anki haijui kama umekumbuka kweli au umebahatisha. Wewe ndiye unayeiambia, na uaminifu huo wa mtu peke yake na simu yake ndio ufundi wenyewe.

Sikio nalo lina kazi. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo Mswahili huanza kutamka bila taabu kubwa. Hapo ndipo inapompasa kuwa macho. Obasan ni shangazi. Vuta a ya kati, obaasan, umemwita bibi. Mwanafunzi makini husikiliza sentensi moja mara nyingi, akaisema, akajirekodi, akalinganisha.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni kuhesabu. Kijapani hakina ngeli kama zetu, ila vitu vinapohesabiwa hupangwa kwa umbo na aina. Penseli, mti na mto huenda na neno la kuhesabia hon, kwa kuwa ni virefu. Karatasi na shati huenda na mai. Samaki ni hiki. Ng'ombe, na viboko wanaosongamana katika mto Katuma wakati wa kiangazi, ni tō. Na hon yenyewe haitulii: kimoja ni ippon, viwili nihon, vitatu sanbon. Wanafunzi wengi duniani hulalamikia jambo hili. Aliyelelewa akisema mti mmoja, kitabu kimoja, jiwe moja anajua tayari kwamba hesabu inaweza kufuata kitu kinachohesabiwa. Kilichobaki ni mazoezi.

Kwa mtu wa Mkoa wa Katavi kuna sababu iliyo karibu zaidi ya kujifunza. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alifika Mahale, magharibi ya Mpanda, kuwachunguza sokwe. Wenzake, Makoto Kakeya miongoni mwao, walichunguza maisha ya Watongwe, wenyeji wa huko: mashamba yao, uvuvi wao, uganga wao. Watongwe wapo hata leo katika Wilaya ya Tanganyika, na sehemu ya yale yaliyoandikwa juu ya wazee wao iko kwa Kijapani tu. Ni haki wajukuu wayasome wenyewe.

Basi wewe uliye Mpanda, Karema au Inyonga, anza na hiragana, herufi 46 za msingi za silabi. Ziandike kwa mkono, kwa mpangilio sahihi wa mistari, na usipakue programu ya pili kabla hujazisoma zote bila kusita.