Daftari la Kweli, Tafsiri ya Uongo

Miongoni mwa hila zilizozuliwa tangu kompyuta iingie majumbani, iko moja inayostahili kuchunguzwa kwa utulivu, nayo ni ya "fundi" apigaye simu bila kuitwa, akajinasibu na Microsoft, na kumwambia mwenye nyumba kwamba kompyuta yake imeingiwa na virusi; kwani hila hiyo, iliyowasumbua mno watu wa Marekani, Uingereza na Australia hata Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikatangaza kesi 6 kwa pamoja mnamo Oktoba 2012, haikuhitaji maarifa ya kuvunja mtambo wowote. Mlango ulifunguliwa na mwenyewe, baada ya kuonyeshwa ushahidi wa kweli uliofasiriwa kwa uongo.

Ushahidi wa kwanza ni daftari. Mwenye kompyuta huagizwa abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, aandike "eventvwr", na mara hufunguka kumbukumbu ambamo mtambo huandika kila litokealo ndani yake, alama nyekundu na za manjano zikiwa zimejipanga mamia kwa mamia. Makosa hayo yapo kweli, walakini ni ya kawaida, kama programu iliyokawia kuitika au huduma iliyoshindwa kuanza, na kompyuta yenye afya njema nayo huwa nayo.

Ushahidi wa pili una ghilba kubwa zaidi. Tapeli hudai kwamba anayo namba ya siri ya kompyuta hiyo peke yake, kisha humwambia mtu afungue dirisha jeusi la amri, aandike neno "assoc", na atafute mstari wenye tarakimu zinazoanza na 888DCA60. Naye huku anazisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja. Nimeandika neno hilo leo katika kompyuta hii ninayoitumia, na tarakimu ni zizo hizo, maana hutambulisha aina ya faili, wala si mashine, na Windows zote zinazo. Ni kama mtu akuambiaye kuwa msahafu uliomo sandukuni mwako una sura 114, akaifanya hiyo ithibati kwamba amekwisha kuuona.

Akisha kuaminiwa, huomba iwekwe programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, kama TeamViewer au AnyDesk, ambazo zenyewe ni halali na mafundi waaminifu huzitumia. Na hapo ndipo madhara yaanzapo. Siku hizi aghalabu hapigi simu, bali hujaza kioo chote onyo lenye mlio wa king'ora na namba ya kupigia. Onyo la kweli la Microsoft halina namba ya simu kamwe: yatosha kubonyeza Ctrl, Alt na Delete, ukakifunga kivinjari.

Aliyekwisha kumfungulia asione haya, wala asipoteze dakika kwa kujadiliana naye. Akate intaneti kwanza. Kisha aipigie benki yake kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi, na kwa kifaa kingine abadili maneno ya siri, akianza na la baruapepe, kwa sababu mwenye baruapepe aweza kuyafungua mengine yote. Programu ile iondolewe. Na kwa rai yangu, lililo salama zaidi ni kuhifadhi nyaraka na kuiweka Windows upya.

Tena ajihadhari na simu ya pili, ambayo huweza kuja baada ya wiki au miezi, ya mtu anayetaka "kumrudishia" fedha zake, akaingia tena katika kompyuta, kisha akalia kwamba amekosea na kutuma nyingi mno, naye arudishiwe ziada. Mara nyingine tarakimu zimebadilishwa kiooni tu, na mara nyingine fedha zenyewe zimehamishwa. Basi azitazame kwa simu yake akaunti zote mbili, ya matumizi na ya akiba, ndipo atakapoona kwamba fedha iliyoingia huku ndiyo iliyotoka kule.