Neno "Sasisha" na Wajibu wa Mwandishi

Imezuka aina ya maandishi ambayo bado haijapata wahakiki wengi. Hayo ni maelezo mafupi anayoandikiwa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo la mtu na kulitekeleza hatua kwa hatua, ili ajue jinsi ya kutumia zana alizokabidhiwa. Aghalabu hayazidi aya moja. Hata hivyo, twaona yastahili kupimwa kama tunavyopima insha za maelezo darasani, hasa pale zana inapokuwa na uwezo wa kubadili kumbukumbu zilizomo katika hifadhidata.

Katika utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi wa Novemba 2024, zana hujulishwa kwa wakala kwa jina lake, maelezo yake, na orodha ya mambo inayohitaji kupewa. Kwa kawaida wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Kwake yeye, maelezo ndiyo zana yenyewe.

Tuchukue mfano wa zana ya rejista ya shule, iliyoelezwa hivi: "Husasisha taarifa za mwanafunzi." Sarufi haina kosa, maana ndiyo pungufu. Ikiwa tunarekebisha alama za Hisabati peke yake, je, alama za masomo mengine zitabaki? Nafasi ikiachwa tupu, maana yake ni "usiiguse" au "ifute"? Mwanafunzi asipopatikana, zana itakataa au itamwandikisha mpya? Na wakiwapo wawili wenye jina moja, atakayebadiliwa ni yupi? Wakala asiyejibiwa maswali haya atakisia, na akikosea, mtoto aweza kupoteza matokeo ya mwaka mzima.

Hatari hii si ya kubuni. Katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, agizo la UPDATE lisilowekewa sharti la WHERE hubadili kila mstari wa jedwali. Aidha, katika kanuni za HTTP, zinazotawala mawasiliano ya tovuti, agizo la PUT huweka kitu kizima mahali pa kingine, ilhali PATCH, lililotolewa rasmi mwaka 2010, hurekebisha sehemu tu. Wahandisi waliona kwamba kitenzi kimoja hakitoshi. Nasi tunavyo vitenzi vya kutosha: kubadilisha, kurekebisha, kujaza, kuongeza, kufuta. "Kusasisha" kumevifunika vyote kwa shuka moja.

Sasa tulinganishe na maelezo haya: "Hurekebisha rekodi ya mwanafunzi mmoja aliyekwisha kuandikishwa. Mtambue kwa namba ya usajili, si kwa jina. Nafasi isiyotajwa haiguswi. Nafasi iliyotajwa kuwa tupu hufutwa, na kilichofutwa hakirudishwi. Namba isipopatikana, zana hukataa. Haiandikishi mwanafunzi mpya. Hurudisha rekodi ilivyokuwa kabla na ilivyo baada."

Ubora wa aya hii haumo katika urefu wake, maana maelezo yaliyojaa maneno ya ziada nayo humpoteza msomaji. Umo katika vikanushi. "Si kwa jina," "haiguswi," "hakirudishwi," "haiandikishi": kila kimoja kinafunga mlango ambao wakala angeupitia kwa kukisia. Mwandishi wa kwanza alieleza nia ya zana. Wa pili ameeleza mipaka yake.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ifanywe na alama maalumu. Ni kweli kwamba tangu 2025 utaratibu tulioutaja unaruhusu zana kuwekewa alama za kuonyesha kama yaweza kuharibu kitu, au kama kuirudia hakuongezi badiliko lolote. Lakini utaratibu wenyewe unaziita dokezo, wala hauzifanyi dhamana. Vivyo hivyo, maelezo mazuri hayachukui nafasi ya kufuli: ruhusa ziwekewe mipaka, na jambo lisilorudishika lithibitishwe na mtu.

Walimu wenzetu, hapa pana zoezi linalofaa. Wapeni wanafunzi ile sentensi ya kwanza, waiandike upya kwa maneno yasiyozidi sitini, kisha wabadilishane madaftari na kutafuta swali lililobaki bila jibu. Atakayelipata amekwisha kuanza kuhakiki.