Ukuta Kabla ya Picha: Jinsi Michoro ya Mitaa ya Philadelphia Ilivyotengenezwa

Matembezi ya kuongozwa katika mitaa ya Philadelphia, Marekani, hutangazwa kuwa ni matembezi ya kutazama picha, na picha kweli zimejaa, kwani mpango wa mji huo uitwao Mural Arts, pamoja na chombo kilichoundwa mwaka 1984 na baadaye kuuzaa, umekwisha kutengeneza michoro ya ukutani ipatayo 4,000, ingawa si yote iliyosalia. Lakini mtembezi anayetazama picha peke yake huikosa sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika mbele yake, kwa sababu mchoro wenye kimo cha ghorofa tatu au nane hauletwi na kipaji tu: sharti ukuta upatikane, mwenye ukuta akubali, tofali litibiwe, rangi ichaguliwe kwa kuzingatia jua na theluji, na mikono mingi, aghalabu ya watu wasiojua kuchora, igawiwe kazi bila kuiharibu sura iliyokusudiwa. Uchambuzi huu unashikilia kwamba ukuta ndio ulioamua mengi katika sanaa hiyo, kuanzia ukubwa wake na mahali pake hadi mbinu iliyoifanya iwe kazi ya umma, na kwamba mwongozaji mzuri ni yule anayewafundisha wageni kuusoma ukuta kabla ya kuisoma picha.

Philadelphia ni mji wa nyumba za safu, yaani nyumba nyembamba za matofali zilizojengwa zikigusana kwa urefu wa mtaa mzima, kila mbili zikishiriki ukuta mmoja wa katikati. Mwaka 1950 mji ulikuwa na wakazi 2,071,605. Kufikia mwaka 2000, baada ya viwanda kufungwa na familia nyingi kuhamia vitongoji vya nje, walikuwa wamebaki 1,517,550, na maelfu ya nyumba zilizoachwa zikaoza, zikabomolewa. Nyumba moja ya safu ikibomolewa, ukuta wa pamoja uliojengwa bila kukusudiwa kuliona jua hubaki uchi, ukiwa na matofali laini ya ndani yasiyostahimili mvua, alama za ngazi zilizoondolewa na mashimo ya mihimili ya sakafu, na kwa kawaida hupigwa lipu ya saruji ili nyumba jirani isiingie maji. Hapo ndipo hupatikana, bila mtu yeyote kupanga, vitu vitatu ambavyo mchoraji wa ukutani huvihitaji kuliko vyote: uso mpana usio na madirisha, kimo cha kutosha, na kiwanja kitupu kinachompa mtazamaji nafasi ya kurudi nyuma hadi picha nzima ienee machoni. Ramani ya michoro ya Philadelphia, kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ni ramani ya nyumba zilizopotea, na jambo hilo halina budi kuelezwa mwanzoni mwa matembezi, si kwa ajili ya kuwahuzunisha wageni bali kwa sababu bila hilo hawawezi kuelewa kwa nini michoro imesongamana katika mitaa fulani, hasa ya Kaskazini na Magharibi mwa mji, na kuadimika katika mingine iliyobaki na nyumba zake zote.

Historia ya watu waliozipaka kuta hizo inaanzia kwenye grafiti, yaani maandishi na saini zinazowekwa ukutani bila ruhusa. Philadelphia ina nafasi ya pekee katika historia hiyo, kwa kuwa kijana Darryl McCray, aliyejiita Cornbread, alianza kusambaza jina lake mjini humo mwaka 1967, na wengi humtaja kuwa miongoni mwa waasisi wa grafiti ya kisasa. Meya Wilson Goode alipoingia madarakani mwaka 1984 aliunda chombo cha kupambana na grafiti, Philadelphia Anti-Graffiti Network, na vijana waliotia saini ahadi ya kuacha wakasamehewa. Msanii Jane Golden, aliyekuwa amechora kuta Los Angeles, aliajiriwa kufanya kazi na vijana hao, na mwaka 1996 kazi hiyo ilijitenga na kuwa mpango kamili wa michoro, yaani Mural Arts. Uamuzi wa kuanza na vijana wa mitaani badala ya wasanii waliosomea vyuoni unastahili kupewa uzito mkubwa kuliko unaopewa kwa kawaida, maana ndio uliouweka msingi wa kiufundi wa yote yaliyofuata: tangu siku ya kwanza ilibidi kazi ibuniwe ili watu wengi wenye ujuzi usiolingana waweze kuifanya pamoja.

Njia ya zamani, ambayo ni kupaka moja kwa moja juu ya ukuta, ilikuwa na vikwazo vyake. Rangi ya akriliki, ambayo ni chembe za rangi zilizochanganywa na plastiki inayoelea katika maji, haishiki vizuri kukiwa na baridi kali, kwa kuwa plastiki hiyo huhitaji joto la kadiri ya nyuzi 10 za Selsiasi na kuendelea ili iungane na kuwa utando mmoja maji yanapokauka. Na kwa kuwa majira ya baridi ya Pennsylvania ni marefu, wachoraji walipoteza miezi mingi kila mwaka. Zaidi ya hayo, kazi yote ilifanyika juu ya jukwaa la ujenzi, mahali ambapo mtoto wa shule, mzee wa mtaa au mtu mwenye ulemavu hawezi kupandishwa kwa usalama, hivyo ushiriki wa jamii uliishia kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyesimama chini.

Mlango ulifunguliwa na mchoraji wa Los Angeles, Kent Twitchell, ambaye mwaka 1990 alileta Philadelphia mchoro wa mchezaji wa mpira wa kikapu Julius Erving, maarufu kama Dr. J, akiwa amesimama katika suti badala ya jezi, wenye kimo cha ghorofa tatu. Twitchell hakuuchora ukutani. Aliuchora juu ya kitambaa kisha akakibandika. Kitambaa hicho, ambacho mafundi hukiita cha parashuti ingawa hakitumiki kutengenezea parashuti, ni utando mwepesi wa poliesta usiofumwa, ambao nyuzi zake zimeshikamanishwa kwa kubanwa, na wembamba wake ndio siri ya ubora wake: ukishabandikwa, hupenya katika vinundu na mabonde ya lipu, hivyo mtu aliyesimama hatua chache tu kutoka ukutani huona lipu iliyopakwa rangi wala hashuku kwamba kuna kitambaa.

Hatua za kazi hiyo zinafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kidogo zaidi wakati wa matembezi. Kwanza ukuta hupimwa na kupigwa picha, na msanii hutengeneza mchoro mdogo wa mfano baada ya mikutano na wakazi, ambayo mara nyingi huubadilisha mchoro huo zaidi ya mara moja. Mfano ukishakubaliwa hugawanywa katika miraba, na kila mraba hukuzwa kwa projekta juu ya kipande cha kitambaa chenye upana wa takriban mita moja na nusu, ukubwa ambao unatosha kutandazwa juu ya meza ya darasa. Mistari huchorwa kwa penseli, kisha kila eneo lililozungushiwa mstari hupewa namba inayolingana na namba iliyoandikwa kwenye kopo la rangi iliyokwisha kuchanganywa. Mtu asiyewahi kushika brashi anaweza kuijaza sehemu yake kwa usahihi, huku msanii akibakiziwa nyuso, mikono na mipito ya mwanga inayohitaji jicho lililozoea. Wapo wanaoiona njia hii ya namba kuwa inaishusha sanaa hadi ufundi wa kujaza nafasi. Hoja hiyo inasahau kwamba karakana za wachoraji wa Ulaya zilifanya kazi kwa mgawanyo wa namna hiyohiyo kwa karne nyingi, na kwamba tofauti ya Philadelphia ni kuwa wanaojaza nafasi ni watu watakaoishi na picha hiyo mbele ya nyumba zao.

Wakati huohuo ukuta huandaliwa: nyufa huzibwa, lipu iliyokufa hubanduliwa na kupigwa upya, uso huoshwa, kisha hupakwa rangi ya msingi inayofunga vumbi na kuzuia chumvi za saruji zisipande juu. Hali ya hewa inapofaa, gundi ya akriliki, ambayo ni plastiki ileile ya rangi lakini bila chembe za rangi, hupakwa ukutani kwa rola. Kipande cha kitambaa huwekwa juu yake, na tabaka la pili la gundi hupakwa juu ya kitambaa, huku mafundi wakisukuma viputo vya hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa kuwa rangi, gundi na rangi ya msingi zote ni za jamii moja ya plastiki, zikikauka hushikana kama tabaka moja, na kitambaa hugeuka kuwa nyuzi za kuliimarisha tabaka hilo. Viungo vya vipande hupakwa rangi tena papo hapo, kama fundi cherehani anavyolinganisha maua ya kitenge kwenye mshono, na mwishoni uso wote hupewa tabaka angavu la kinga.

Mbinu hii ilifungua hata milango ambayo kwa kweli ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Katika mradi wa Healing Walls, ulioongozwa na wasanii Cesar Viveros na Parris Stancell na kukamilika mwaka 2004, wafungwa wa gereza la Graterford, nje ya mji, walipaka vitambaa wakiwa gerezani, na mradi huo ukawakutanisha na watu walioathiriwa na uhalifu, ambao nao walikuwa na lao la kusema kuhusu nini kichorwe. Mabishano kati ya pande hizo yalikuwa makali, na matokeo yake ni michoro miwili, mmoja ukieleza safari ya mfungwa na mwingine safari ya mwathiriwa. Bila kitambaa mradi huo usingewezekana kabisa, kwa kuwa wachoraji wake wengi hawakuruhusiwa kuukaribia ukuta ambao kazi yao ingewekwa.

Mtembezi aliyeelezwa haya huanza kuona mambo ambayo awali hayakuwepo machoni pake. Jua la asubuhi au la alasiri, linapoupiga ukuta kwa ubavu, huonyesha viungo vya miraba kwa mistari hafifu ya wima na ya mlalo. Rangi nyekundu na za manjano zilizotokana na chembe za kikaboni hupauka upesi zaidi kwenye kuta zinazoelekea kusini, kwa sababu mionzi ya urujuanimno huvunja chembe hizo, ilhali rangi za udongo zitokanazo na oksidi ya chuma hudumu. Na pale ambapo picha imevimba au kubanduka, chanzo mara nyingi si rangi bali ni maji yanayoingia kupitia paa au bomba bovu la nyumba iliyo nyuma yake na kusukuma kutoka ndani. Kuukarabati mchoro bila kulikarabati paa ni kupoteza fedha.

Suala la mwenye ukuta nalo halipaswi kupitwa haraka. Mwaka 1995 mchoraji Diane Keller alichora katika eneo la Italian Market picha ya Frank Rizzo, aliyekuwa mkuu wa polisi kisha meya kati ya 1972 na 1980, ambaye wakazi wengi Weusi walimkumbuka kwa ukatili wa polisi wake. Picha hiyo ilimwagiwa rangi mara kwa mara na kusafishwa mara kwa mara, hadi Juni 2020, wakati wa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, ilipofutwa kwa ridhaa ya mwenye jengo baada ya Mural Arts kutangaza kwamba haitashiriki tena kuitunza. Hatari nyingine haina kelele kama hizo: tangu mji ulipoanza kutoa msamaha wa kodi wa miaka kumi kwa majengo mapya, viwanja vingi vitupu vimejengwa upya, na nyumba mpya huufunika mchoro bila mtu kuugusa, kwa kuwa kiwanja kilichompa mtazamaji nafasi hakikuwa sehemu ya makubaliano na mwenye ukuta.

Kazi ya Stephen Powers iitwayo Love Letter, iliyokamilika mwaka 2009, inastahili kuwekwa pembeni ya yote yaliyotangulia kwa sababu ilitatua tatizo la nafasi kwa njia nyingine kabisa. Powers, mzaliwa wa Philadelphia Magharibi aliyewahi kuandika grafiti kwa jina la ESPO na baadaye akajifunza uchoraji wa mabango, alichagua kuta 50 za kimo cha mapaa kando ya Market Street, kati ya mtaa wa 45 na wa 63, ambako treni hupita juu ya nguzo, na akaziandika kwa namna ya barua ya mapenzi iliyokatwa vipande. Kuta hizo hazionekani vizuri kutoka chini, lakini abiria wa treni hupita usawa nazo, na mwendo wa treni ndio ulioweka kanuni za kazi: maneno machache kwa kila ukuta, herufi nene zenye ukingo wa rangi inayopingana na ya nyuma, na mpangilio unaovumilia kusomwa kwa sekunde chache tu. Hapa mbinu ya bango la dukani ilifaa kuliko ustadi wa sura za watu, kwa kuwa jicho lililo katika mwendo hushika umbo la neno kabla ya kushika undani wowote. Ziara ya kuongozwa ya kazi hii hufanywa kwa treni, na kundi hushuka katika vituo vya njiani na kusimama jukwaani, mahali ambapo mwongozaji hupata dakika kadhaa za kueleza ukuta mmoja kabla ya treni inayofuata kufika na kuuziba.