Jina la maradhi lisiwe jina la mtu

“WA sukari, laini hii! Wa presha, kaeni upande ule!”

Ndivyo muuguzi alivyotupanga asubuhi moja katika kliniki fulani huku Makueni. Hakuwa na nia mbaya. Watu walikuwa wengi naye alikuwa peke yake. Lakini mama mmoja mkongwe aliyeketi kando yangu alininong’onezea: “Mwalimu, mimi nina jina langu. Sukari ni ya chai.”

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nimeishi na kisukari kwa miaka kumi na mmoja, na muda huo wote nimeweka daftari la vipimo, vyakula na hofu zangu. Jaladani niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: “Daftari la Mgonjwa”. Usiku ule nililitoa nikaihakiki anwani hiyo kama ninavyohakiki anwani ya tasnifu ya mwanafunzi.

Haikupita. Katika Kiswahili, mgonjwa ni kinyume cha mzima. Mtu huugua, akapona, akaliacha jina hilo kitandani. Kisukari changu hakiponi, ilhali naamka, nafundisha, na likizo nikienda kwetu Kitui napalilia pojo. Je, mimi ni mgonjwa au mzima? Jozi hiyo ya maneno hainitoshi. “Mwathiriwa”, neno linalopendwa na wanahabari wetu, ni baya zaidi. Limeundwa kutokana na kauli ya kutendwa: anayeitwa hivyo hatendi lolote, ametendwa basi.

Malalamiko haya si mapya. Mwaka 1983, watu waliokuwa na Ukimwi walikutana Denver, Marekani, wakakataa kuitwa waathiriwa. Walitaka utu utangulie, maradhi yafuate. Nasi leo husema “anayeishi na virusi”. Fasihi yetu nayo ina la kutufunza kuhusu kutaja maradhi. Ibrahim Ngozi aliiita tamthilia yake Ushuhuda wa Mifupa. William Mkufya akaiita riwaya yake Ua la Faraja (2004). Zote mbili zinahusu Ukimwi. Anwani ya kwanza inatufikisha kaburini kabla hatujafungua ukurasa. Huenda hofu hiyo ilihitajika. Ya pili haikani maradhi, ila inamwachia msomaji mahali pa kupumulia.

Wapo watakaoniambia: Profesa, jina halishushi sukari. Ni kweli. Hata ukikiita kisukari waridi, dawa utanunua na mguu utauchunguza kila jioni. Lakini jina linaweza kumzuia mtu kuifuata hiyo dawa. Nakiri leo jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani: mwaka wangu wa kwanza nilikosa kliniki miezi miwili mfululizo, kwa sababu niliogopa wanafunzi wangu wa zamani wanione katika laini ya “wa sukari”. Miezi hiyo ingeweza kunigharimu macho.

Wazee wetu wa Ukambani walijua uzito wa jina. Mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa aliweza kuitwa Mbiti, yaani fisi, ili mauti yamdharau na kumpita. Jina lilikuwa ngao. Sisi wasomi tumeligeuza kuwa muhuri wa kumpiga mtu kipajini.

Nikaanza kutafuta anwani mpya. “Daftari la Shujaa” nililikataa mara moja. Ushujaa nao ni mzigo, maana shujaa haruhusiwi kulia. Mwishowe nililirudia neno ambalo madaktari hulitumia kila siku: maradhi sugu. Tumezoea kulisikia kama tishio, yaani maradhi yasiyosikia dawa. Lakini sugu pia ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Mama yule mkongwe anazo, baada ya miaka mingi ya kuchimba matuta ya “fanya juu” kwenye miteremko hii yetu. Sugu si kidonda, wala si uzima wa kiganja cha mtoto. Ni mwili uliojifunza kazi yake.

Nimekata jina la zamani kwa mstari mmoja, bila kulifuta, nikaandika chini yake: “Sugu”. Kliniki ijayo nitamwonyesha mama yule. Kisha nitamwomba muuguzi, kwa heshima, atuite kwa majina yetu.